Vita Visivyoonekana Jukwaani

Mwishoni mwa tamthilia, Pierre Bezukhov anabaki peke yake. Ametoka kumliwaza msichana aliyevunja uchumba kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yanamlengalenga, na koti la manyoya ameliacha wazi kifuani ingawa baridi ya Moscow inakata mfupa. Anainua uso. Juu ya vichwa vya watazamaji zimening'inia thurea, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao ni taa ya matawi na pia ni jina la kundi la nyota ambalo wakulima wetu huliita kilimia. Mwanga unapanda polepole mpaka ukumbi unageuka anga, na angani mna nyota moja yenye mkia mrefu. Hapo mambo yanakoma. Uvamizi wa Napoleon haujaanza.

Tamthilia hiyo ni Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812, karibu muziki mtupu tangu neno la kwanza hadi la mwisho, uliotungwa na Mmarekani Dave Malloy na kuongozwa na Rachel Chavkin. Ilianza mwaka 2012 katika ukumbi mdogo wa Ars Nova, New York, ikahamia kwenye hema mwaka uliofuata, na Novemba 2016 ikafika Broadway katika Imperial Theatre. Iliteuliwa kuwania Tuzo 12 za Tony, ikapata mbili, ya ubunifu wa jukwaa na ya taa. Ilifungwa tarehe 3 Septemba 2017, na mwishoni mwa 2024 ikaibuka London, Donmar Warehouse. Chimbuko lake ni Vita na Amani ya Leo Tolstoy. Ila Malloy hakulibeba jitabu zima la kurasa zaidi ya elfu moja. Alikata kipande cha kurasa kama 70 katikati yake, kipande ambacho ndani yake hakuna bunduki hata moja inayolia vitani.

Ukiing'oa hadithi ya mapenzi kutoka kwenye riwaya ya vita, historia hubaki wapi? Wengi huiona kazi hii kama fitina ya sebuleni iliyopambwa kwa makoti ya Kirusi. Mimi naona vita vimo ndani ya sebule hiyo tangu mwanzo: vimo katika posa, katika madeni, katika lugha inayozungumzwa na katika gari la farasi linalosubiri mlangoni. Kinachokosekana ni mizinga tu.

Waliomo

Wimbo wa kwanza unawatania watazamaji kwamba riwaya za Kirusi zina majina mengi mno, kwa hiyo wachungulie kijitabu walichopewa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutishika. Mrusi huitwa kwa jina lake na la baba yake, kama tusemavyo Natalya (ndiye Natasha) binti Ilya au Pyotr (ndiye Pierre) bin Kirill. Ukilijua hilo, umeshakaribishwa ndani.

Natasha Rostova ni binti wa kabaila mkarimu anayeelekea kufilisika. Amechumbiwa na Andrei Bolkonsky, lakini baba yake Andrei hakuipenda ndoa hiyo, akaweka sharti kwamba mwanawe angoje mwaka mzima. Katika mwaka huo wa kungoja Natasha anakuja Moscow, na kwenye opera anakutana na Anatole Kuragin, kijana mwenye sura nzuri na dhamiri nyepesi, ambaye ana mke Poland na hamtaji. Wanapanga kutoroka usiku. Sonya, binti wa ukoo aliyelelewa na akina Rostov, anashtukia njama hiyo. Marya Dmitrievna, mama wa makamo anayewapa malazi, anaziba njia. Natasha anameza sumu, anaokolewa. Pierre, rafiki wa Andrei na shemeji wa Anatole kwa kumwoa dada yake Hélène, anaitwa kuisafisha aibu ya watu wengine.

Amani ya mkopo

Urusi ya majira ya baridi ya 1811 kuingia 1812 ilikuwa katika amani na Napoleon, lakini ilikuwa amani ya mkopo. Juni 1807, baada ya kushindwa vitani, Tsar Alexander I alikutana na Napoleon juu ya chelezo katikati ya Mto Niemen, na Julai wakafikia Mkataba wa Tilsit. Sharti zito kwa Urusi lilikuwa kuisusia Uingereza kibiashara, ilhali Waingereza ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa mbao, kitani na mafuta ya wanyama ya Urusi. Makabaila waliokuwa wakiuza mazao ya mashamba yao waliumia. Rubeli ya karatasi ikaporomoka mpaka ikawa na thamani ya karibu robo ya rubeli ya fedha. Desemba 1810 Tsar alichoka. Akafungulia bandari meli za nchi zisizofungamana na upande wowote, na bidhaa za anasa zilizopita nchi kavu, yaani za Kifaransa zaidi, akazitwisha ushuru mkubwa.

Kulikuwa pia na jambo la posa. Napoleon alimtaka Anna, mdogo wake Alexander aliyekuwa na miaka 15. Jibu likazungushwa, likacheleweshwa, na Mfaransa akaenda kumwoa Marie Louise wa Austria mwaka 1810. Kisha akaumeza utawala mdogo wa Oldenburg, mali ya ukoo alikoolewa dada mwingine wa Tsar. Anayejua jinsi posa iliyokataliwa inavyoweza kutia uhasama baina ya koo mbili hatashangaa kuona Ulaya ikielekea pabaya.

Tolstoy hakuyaacha haya nje. Katika kurasa zile zile alizozichukua Malloy, mzee Bolkonsky anaandaa chakula cha mchana siku ya jina lake, na mezani wageni wanazungumza juu ya Oldenburg. Mmoja wao ni mtu aliyeishi kweli, Fyodor Rostopchin, ambaye miezi michache baadaye angekuwa gavana wa Moscow na kulaumiwa kwa moto ulioiteketeza. Riwayani anamlinganisha Napoleon Bonaparte na haramia juu ya meli aliyoiteka, kisha anawasuta makabaila wenzake kwa kuwaabudu Wafaransa. Meza hiyo haimo katika tamthilia. Malloy amembakiza mzee katika hali yake ya nyumbani tu, mkali kwa binti yake Marya na mwenye dharau kwa mchumba wa mwanawe. Watazamaji wanacheka na kumchukia, bila kujua kwamba sebule ya mzee huyu ni baraza la siasa.

Soko la wachumba

Kwa nini Moscow na si Petersburg? Petersburg ilikuwa mji wa Tsar, wa ofisi na vyeo. Moscow, iliyonyang'anywa hadhi ya makao makuu tangu zama za Peter Mkuu, ilibaki mji wa koo kongwe na wa akina mama wenye ulimi mkali. Marya Dmitrievna wa riwaya ana mfano wake wa kweli, Nastasya Ofrosimova, bibi wa Moscow aliyeogopwa na kupendwa kwa kusema ukweli usoni. Majira ya baridi, theluji ilipogandisha barabara na safari za farasi zikawa rahisi, familia za mashambani zilimiminika mjini na mabinti zao. Warusi wenyewe waliuita msimu huo soko la wachumba.

Baba yake Natasha yuko Moscow kwa mambo mawili yanayofungamana: kununua mavazi na vyombo vya bibi harusi, na kuuza shamba lililo karibu na mji ili apate fedha za kuvinunua. Nyumba yake ya mjini haijawashwa moto, ndiyo maana wanalala kwa Marya Dmitrievna. Katika mambo hayo madogo kuna historia ya tabaka zima. Makabaila wa Urusi waliishi kwa kukopa, na rehani yao ilikuwa watu. Benki za serikali zilikopesha kwa kuhesabu watwana, walioitwa roho, na kufikia mwisho wa mfumo huo karibu theluthi mbili ya watwana wa makabaila walikuwa wamewekwa rehani. Gauni jeupe la Natasha limeshonwa kwa uzi huo.

Ugumu wa ndoa nao ni wa kihistoria. Kanisa la Orthodoksi lilitoa talaka kwa nadra kubwa, hivyo Pierre amefungwa kwa Hélène ingawa ndoa yao imekufa. Anatole akioa mara ya pili anatenda kosa la jinai, na ndiyo sababu mpango wake unahitaji padri aliyevuliwa daraja na njia ya kukimbilia ng'ambo. Kwa msichana wa tabaka lile, usiku mmoja wa kutoroka ulitosha kumfungia milango yote ya Moscow, na ya wadogo zake pia.

Kifaransa midomoni

Riwaya ya Tolstoy inafunguka kwa Kifaransa. Makabaila wa Urusi walilelewa na walimu wa Kifaransa, wakapendana kwa Kifaransa, wengine Kirusi chao kilikuwa cha kuongea na watumishi tu. Hata opera anayoiona Natasha ina Mfaransa katikati yake. Ni Duport, mchezaji dansi wa kweli, ambaye Tolstoy anatuambia alilipwa rubeli 60,000 kwa mwaka. Duport aliitoroka Paris mwaka 1808 pamoja na Mademoiselle George, mwigizaji aliyewahi kuwa kimada wa Napoleon. Bibi huyo naye anatokea riwayani, akighani mashairi katika dhifa ya Hélène, dhifa ambayo Anatole anaitumia kumbusu Natasha.

Tazama jinsi kamba hizi zilivyosukwa. Mwanamke aliyetoka kitandani kwa Napoleon anaburudisha ukumbi ambamo binti wa Kirusi anapotezwa, na miezi michache baadaye Napoleon mwenyewe anaingia mjini. Tolstoy hahubiri. Anawaweka watu hao chumba kimoja, basi. Vita vikianza, riwaya inaonyesha makabaila hao hao wakitozana faini kila neno la Kifaransa linapowaponyoka.

Malloy hakuwa na Kifaransa cha kutumia, maana watazamaji wake ni wa Kiingereza. Alichofanya ni kuchanganya miziki: nyimbo za kiasili za Kirusi, roki, na midundo ya kielektroniki ya vilabu vya usiku ambayo humfuata Anatole kama manukato. Midundo hiyo ndiyo Kifaransa chake. Ni kitu cha kigeni, kitamu, kinachoingia mwilini kabla akili haijaulizwa.

Anayeshika hatamu

Wimbo unaowainua watazamaji vitini ni wa Balaga, dereva wa gari la farasi watatu aliyekodiwa kumtorosha Natasha. Waigizaji wanazunguka baina ya meza na viti wakipiga vinanda vya mkono, ngoma na njuga. Malloy amesimulia kwamba wazo la kuketisha watazamaji katikati ya wanamuziki lilimjia katika mkahawa mmoja wa Moscow.

Lakini Balaga wa riwaya hachekeshi tu. Ni mkulima aliyepata sifa kwa kuwaendesha vijana wa kitajiri kwa kasi ya kuua. Amewahi kuwagonga wapita njia wa Moscow na kupindua magari ya kukodi, na kila mara mabwana zake walimkinga asifikiwe na sheria. Wao humlewesha, humpiga wanapopenda, naye huona fahari. Tolstoy aliandika hayo kuanzia mwaka 1863, miaka miwili tu baada ya amri ya 1861 iliyowaacha huru zaidi ya watwana milioni 20 wa makabaila. Msomaji wake wa kwanza aliisoma taswira ya Balaga akiwa na mkulima aliye huru nje ya dirisha. Sisi tunapigia makofi wimbo. Yeye alikuwa akitazama deni lililokuwa bado halijalipwa.

Historia iliyosogezwa

Sasa tufike kwenye nyota yenyewe. Nyota-mkia ile ilikuwapo kweli. Iligunduliwa tarehe 25 Machi 1811 na mwanafalaki wa Kifaransa Honoré Flaugergues, ikang'aa kuliko wakati wowote Oktoba mwaka huo, na ikaonekana kwa macho matupu kwa takribani siku 260, rekodi iliyovunjwa na nyota-mkia ya Hale-Bopp mwaka 1997. Watu wa Ulaya waliisoma kila mmoja kwa namna yake. Wauza divai waliisifu kwa mavuno mazuri ya zabibu ya mwaka ule. Wengine waliona ndani yake vita na mwisho wa dunia.

Sasa fanya hesabu. Kufikia Januari 1812 nyota hiyo ilikuwa inafifia, karibu haionekani tena bila darubini. Pierre anaiona ikiwaka juu ya Moscow majira hayo hayo ya baridi, kubwa, katikati ya anga. Tolstoy, ambaye kwa vita vya 1812 alisoma nyaraka na hata kwenda kuukagua uwanja wa vita wa Borodino mwaka 1867, aliisogeza nyota. Malloy akauchukua mwaka uliosogezwa na kuuweka kwenye jina la tamthilia yake.

Malloy naye alisogeza lake. Tangu wimbo wa kwanza tunaambiwa Andrei hayupo kwa sababu kuna vita mahali fulani. Riwayani, mwaka ule wa kungoja Andrei yuko safarini ng'ambo akitibu jeraha lake la zamani. Mabadiliko haya yana maana yake. Mtazamaji wa leo akiambiwa mchumba yuko vitani, anaelewa hatari papo hapo. Ila kuna kitu kimepotea. Kwa Tolstoy, kinachouvunja uchumba ni amani: mwaka mtupu, sharti la mzee mkaidi, msichana asiye na la kufanya ila kungoja. Vita vingempa Natasha mtu wa kumwombea. Amani ilimpa opera.

Kwa nini kurudi nyuma

Tolstoy hakupanga kuandika juu ya 1812. Alitaka kuandika habari za mtu anayerudi kutoka Siberia mwaka 1856, mmoja wa maofisa walioasi Desemba 1825 wakidai katiba. Ili kumwelewa mtu huyo ilibidi arudi 1825. Ili kuielewa 1825 ilibidi arudi ujana wa waasi, yaani 1812. Na kwa kuona haya kusimulia ushindi bila kusimulia aibu iliyoutangulia, akarudi mpaka 1805. Vijana wale waliomfukuza Napoleon hadi Paris waliona nchi ambazo mkulima si mali ya mtu, wakarudi nyumbani wakiwa na swali. Watano kati ya viongozi wa uasi walinyongwa 1826, na zaidi ya mia moja wakapelekwa Siberia.

Mwishoni mwa riwaya Pierre anaelekea njia hiyo. Kwa hiyo mtu mnene anayeitazama nyota mwishoni mwa tamthilia ni mhalifu mtarajiwa wa kisiasa. Ile hali yake ya kunywa, kusoma na kujiuliza anaishi kwa ajili gani, ambayo Malloy ameipa nyimbo nzuri kuliko zote, ilikuwa hali ya kizazi kizima cha wasomi wa Urusi.

Prokofiev aliongeza, Malloy akapunguza

Malloy si wa kwanza kuitia riwaya hii muziki. Sergei Prokofiev alianza kuitunga opera yake ya Vita na Amani baada ya Ujerumani ya Hitler kuivamia Urusi mwaka 1941. Nusu yake ya kwanza, ya amani, inakanyaga njia ile ile ya Natasha na Anatole. Lakini wakubwa wa sanaa wa Kisovieti waliikagua wakataka mashujaa zaidi, majeshi zaidi, jemadari Kutuzov akiimba mbele ya umati. Prokofiev akaongeza, akarekebisha tena na tena mpaka alipofariki mwaka 1953. Nchi iliyokuwa ikishambuliwa ilitaka kuiona 1812 nzima jukwaani.

New York ya 2012 haikuwa na mvamizi mlangoni, na Malloy aliweza kuviacha vita nje. Badala yake alikutana na mjadala wa taifa lake juu ya rangi. Broadway ilimpa Denée Benton, mwanamke mweusi, nafasi ya Natasha, na wapo walioshangaa binti wa Kirusi kuwa mweusi. Historia ina jibu lake. Nyota ile ilipong'aa, katika shule mpya ya watoto wa wakubwa huko Tsarskoye Selo alikuwamo mvulana wa miaka 12 aitwaye Aleksandr Pushkin, ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyeletwa Urusi akiwa mtoto na kupanda hadi cheo cha jenerali. Mshairi mkuu wa Warusi alikuwa mjukuu wa Afrika.

Nyumbani

Napoleon alivuka Niemen, mto ule ule wa chelezo cha Tilsit, tarehe 24 Juni 1812. Tarehe 7 Septemba huko Borodino waliuawa na kujeruhiwa watu zaidi ya 70,000 katika siku moja. Riwayani Andrei anajeruhiwa hapo na baadaye anafariki, na katika hema la matabibu anamwona Anatole akikatwa mguu. Wiki moja baada ya Borodino Wafaransa waliingia Moscow, na mji ukawaka moto.

Hakuna hata moja kati ya hayo katika tamthilia, na wala hayahitajiki, kwa sababu mtazamaji anayajua na wahusika hawayajui. Nyota ni ile ile. Wenye hofu waliiona nyota ya nuksi. Pierre, aliyetoka kumwambia msichana aliyeaibika kwamba angekuwa huru angempigia magoti, aliiona nyota ya jaha. Wote walisoma sawa, na ndiyo maana Tolstoy aliona bora kuikosea falaki kuliko kumnyima Pierre nyota yake.

Riwayani, kabla hajainua uso, mwendeshaji anamuuliza bwana wake waelekee wapi. Pierre anajibu waende nyumbani. Nyumba hiyo haitauvuka moto wa Septemba.